Nilifuata programu Mtwara, nikakuta daftari

Simu iliita saa tatu usiku. Rafiki yangu anayefanya kazi bandarini Mtwara alikuwa amekutana na mzee mmoja wa Mikindani mwenye "karatasi za mpira" za tangu enzi za Mwalimu. Hakuweza kunieleza ni karatasi za namna gani. Aliziona mara moja tu, ndani ya sanduku la bati, kisha mzee akalifunga. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho kutwa alfajiri nilikuwa Mbagala Rangi Tatu na begi moja, ndani yake mifuko laini ya plastiki na vipande viwili vya kadibodi vya kunyooshea karatasi zilizokunjamana.

Nakusanya programu za mechi, vile vijitabu vinavyouzwa getini kabla ya mpira kuanza, vyenye majina ya wachezaji na waamuzi, salamu za mwenyekiti na matangazo ya biashara. Uingereza ni jambo la kila wiki na lina zaidi ya miaka 100. Programu ya fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1882, Old Etonians na Blackburn Rovers, iliuzwa mnadani London mwaka 2013 kwa paundi 35,250. Kwetu zimechapwa kwa nadra, na zilizochapwa zimefungiwa karanga. Ndiyo maana sichagui sana: tiketi, bango la ukutani, karatasi ya vikosi, chochote kilichokuwepo siku ya mechi nakipokea kwa mikono miwili.

Chanzo ni baba. Novemba 1993 alinishika mkono tukaenda Uwanja wa Taifa kuangalia fainali ya Kombe la CAF, Simba na Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza kule kwao ilikwisha 0-0, kwa hiyo mji ulikuwa umeshaanza kusherehekea. Rais Mwinyi alikuwa jukwaani. Tukafungwa 2-0. Tulirudi Keko kwa miguu, baba hakutamka neno njia nzima, na tulipofika mlangoni aliniambia tu, "Kanawe miguu." Tiketi zetu mbili zilibaki kwenye mfuko wa shati lake. Mama alilifua Jumatatu, likatoka donge jeupe la karatasi. Baba alilishika kiganjani kwa muda mrefu, akilibonyeza kana kwamba litafunguka. Amekwisha kututoka, na siku ile sina chochote cha kuishika. Tangu hapo nikiona karatasi ya mpira inataka kutupwa, moyo unanienda mbio.

Basi lilipita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Kwenye Daraja la Mkapa nilisimama kidogo kwenye kiti ili niuone Mto Rufiji. Daraja lile lina urefu wa meta 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika ikikaza, Kusini ilikuwa kama kisiwa. Mama niliyekaa naye, anayerudi Newala, alinisimulia alivyolala njiani siku nne na mtoto mgongoni akila mihogo ya kuchoma. Nilimsikiliza nikiwaza mpira. Mtu wa Mtwara wa miaka ile angewezaje kumwona Kibadeni wa Simba au Sunday Manara wa Yanga kwa macho yake? Timu zilikuja mara chache, na kwenda Dar haikuwa safari ya kuamua asubuhi. Mpira wa huku uliingia masikioni, kupitia Radio Tanzania. Wazo hilo nililiacha hapo hapo barabarani, bila kujua kwamba ndilo nililokuwa naliendea.

Nilishuka Lindi nilale. Mji ule una upepo mzuri jioni, na mashua za Kitunda zinavuka ghuba kama hazina haraka na mtu. Nilipita Uwanja wa Ilulu, vijana walikuwa wakifanya mazoezi huku vumbi likiwafuata. Asubuhi, karibu na soko, nikamkuta fundi cherehani mzee kidogo, ukutani kwake kumebandikwa picha za vikosi vya zamani kutoka magazetini. Nilimsalimia, nikamweleza shida yangu. Hakunicheka, watu wengi hunicheka. Alivuta droo ya cherehani, akatoa bobini, chaki, mkasi usio na mpini, na chini kabisa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa imepigwa kwa stensili. Wino wa zambarau, herufi za taipureta, "o" zote zimezibika. Mechi ya kirafiki, timu ya idara moja ya serikali na timu ya vijana wa mtaani, kiingilio shilingi moja, watoto senti 50. Mwaka haukuandikwa, siku tu: Jumamosi. Upande wa kushoto majina 11, upande wa kulia majina 11, na katikati, kwa kalamu ya risasi, mtu amekata jina la namba 9 na kuandika lingine. Nikamwuliza fundi huyo aliyeongezwa ni nani. Akaiweka miwani vizuri, akasema, "Ndiye mimi. Mwenyewe aliugua homa asubuhi ile." Nyuma ya karatasi kuna vipimo vya suruali: kiuno 32, urefu 41. Alipotoka uwanjani alikwenda kumpima mteja, hakuwa na karatasi nyingine.

Nilitaka kumlipa, akakataa, akaniomba nipige picha kwanza kisha niichukue. Mwisho niliona siwezi kuichukua. Nilimwachia mfuko mmoja wa plastiki, nikamwonyesha namna ya kuilaza ndani bila kuikunja tena.

Wakusanyaji wenzangu hapa sitaelewana nao. Katika biashara hii, programu iliyoandikwa kwa kalamu hushuka bei. Wanataka iliyo safi, haijakunjwa, haijaguswa na jasho. Mimi karatasi safi hainiambii mengi zaidi ya kilichotoka kiwandani. Ile kalamu ya risasi ndiyo inayoonyesha kwamba palikuwa na mtu, jua linamchoma, mchezaji ametolewa, naye akainama akaandika. Ninayo nyumbani nakala ya kuchapwa upya ya programu ya Manchester United na Sheffield Wednesday, tarehe 19 Februari 1958, mechi ya kwanza ya United baada ya ndege yao kuanguka Munich siku 13 kabla. Upande wa Wednesday majina yamechapwa. Upande wa United hakuna hata jina moja, nafasi 11 tupu, kwa sababu mpaka inakwenda mtamboni hakuna aliyejua nani atacheza. Mashabiki waliokuwa uwanjani waliandika wenyewe majina yalipotangazwa. Nakala kama hizo, zenye mwandiko wa mtu ambaye mkono huenda ulimtetemeka, kwangu zinazidi ile ya 1882.

Kutoka Lindi nilipanda gari dogo. Pale Mnazi Mmoja, njia ya Masasi inapoachana na ya Mtwara, vijana walituzunguka na sahani za samaki wa kukaanga na mafungu ya korosho. Nikala, nikafuta mikono mara tatu. Karatasi na mafuta ni maadui. Mikindani iko kilomita kama 10 kabla ya Mtwara mjini, kwenye ghuba ndogo iliyozungukwa na mikoko, nyumba za mawe zenye milango mizito, nyingine zimebaki kuta tu na mti umeota sebuleni. Rafiki yangu alikuwa akinisubiri barabarani. Tukapiga hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni. Wewe ndiye wa makaratasi?"

Alikuwa amekaa barazani na redio yake pajani, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Mjukuu wake, msichana wa sekondari, alituletea ming'oko na chai, halafu akaburura sanduku la bati. Lilipofunguliwa ilitoka harufu ya majani makavu ya mwarobaini, ambayo mke wa mzee alikuwa akiyabadilisha kila mwaka mpaka alipofariki. Sikuona programu hata moja. Ndani mlikuwa na madaftari ya shule, 14, yamefungwa kwa kamba ya katani.

Nakiri moyo uliniporomoka. Kisha nikafungua la kwanza.

Kila ukurasa mechi moja. Juu, tarehe na uwanja. Chini yake mstari wa wima uliopigwa kwa rula, kushoto majina 11, kulia majina 11, kama mtangazaji alivyoyasoma redioni kabla ya mpira kuanza. Chini palikuwa na mapango, yaani visanduku vya kujazia: "Magoli", "Waliotoka", "Mwamuzi". Alijaza majina kwanza, mapango akayaacha wazi, halafu akakaa kusikiliza. Nikamwuliza nani alimfundisha kupanga hivyo.

"Nilifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini. Baharia mmoja aliniachia kijitabu cha mpira cha Ulaya. Nikaona watu wa kule wana kitabu chao kabla mpira haujaanza. Nami nikasema, nitakuwa na changu."

Basi zilikuwa programu. Zimechapwa na mtu mmoja, kwa msomaji mmoja, nakala moja kila mechi. Nilifungua polepole. Agosti 1979, Ndola, Zambia na Taifa Stars, 1-1, na jina la Peter Tino limezungushiwa duara mara nyingi hadi karatasi imetoboka, maana bao lile ndilo lililotupeleka Fainali za Afrika kule Nigeria mwaka 1980. Tarehe 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0. Mzee ni Yanga wa damu. Hata hivyo mabao yote sita yapo, matatu ya Kibadeni, kwa mwandiko ule ule uliotulia. Nikamwambia mimi ni mtani wake. Akanyoosha mkono akanishika bega. "Uliandika mpaka la sita?" nikamwuliza. "Nilisikia, nikaandika," akasema.

Nikafika tarehe 10 Agosti 1974. Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, fainali ya ubingwa, Yanga na Simba. Majina yote 22. Chini ya "Magoli": Adam Sabu, dakika ya 16. Basi. Pango lililobaki ni tupu, na wino wa mistari yake umefifia kuwa kahawia.

Kila anayependa mpira nchini anajua mechi ile ilivyokwisha. Gibson Sembuli alisawazisha dakika ya 87, Sunday Manara akafunga dakika ya 97, Yanga wakawa mabingwa. Nikamwuliza mzee kwa nini hakuandika.

"Mawe ya redio yaliisha," akasema. "Kipindi cha pili. Nikayatoa, nikayasugua, nikayaanika juu ya jiko, yakaamka kidogo nikasikia makelele, yakazima. Duka limefungwa. Nililala nikijua tumefungwa. Mama yako alikuja na uji, sikuunywa." Alisema "mama yako" akimaanisha marehemu mkewe, nami nilikuwa simfahamu, lakini liliniingia. "Asubuhi naenda kazini nikaona watu wa Yanga wanacheza ngoma getini. Nikadhani wamerukwa na akili."

Nilimwuliza kama ningeweza kumjazia. Nilikuwa na kalamu mkononi, na majina na dakika nilizijua. Alitikisa kichwa.

"Sikusikia, mwanangu."

Sikubishana naye. Nilishika ukurasa ule kwenye mwanga wa mlangoni. Ukiuinamisha unaona alama za kalamu iliyokuwa tayari, vidoto vidogo ukingoni mwa pango, mtu akigonga karatasi huku akingoja. Nilihesabu vidoto 30 na ushei, nikaacha. Nikamkumbuka baba na lile donge kiganjani.

Madaftari hakuyauza, nami sikuyaombea bei. Alikubali niyapige picha yote, kazi iliyochukua siku mbili na nusu barazani pale. Pini za daftari zilikuwa zimeoza kwa chumvi ya bahari na kutu imeanza kula karatasi, nikazitoa moja moja kwa ncha ya kisu, mjukuu akashona kurasa upya kwa uzi na sindano. Ana mkono mwepesi kuliko wangu. Nilimwachia mifuko yote niliyokuja nayo na nikamwonyesha asiwahi kutumia selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka manjano na kurarua.

Jioni ya mwisho Namungo walikuwa wanacheza nyumbani, Ruangwa. Mzee alisema siku hizi utani wa Kariakoo haumnyimi usingizi, ila Kusini kuwa na timu Ligi Kuu ni jambo asilotaka limpite. Alihuzunika sana Ndanda ya Mtwara, wana Kuchele, iliposhuka mwaka 2020. "Kuchele ilikuwa karibu, nilikuwa nawasikia mpaka makelele ya Nangwanda," alisema, akimaanisha uwanja wao wa Mtwara mjini, ingawa kutoka Mikindani mtu hawezi kuyasikia. Mjukuu aliwasha redio, akaleta daftari jipya lenye jedwali la kuzidisha nyuma yake, akapiga mstari wa wima katikati ya ukurasa. Huwa anamwandikia yeye tangu macho ya babu yalipofifia. Siku ile mzee alimwambia anipe mimi kalamu.

Mtangazaji akasalimia, akataja uwanja na hali ya hewa. Mzee akainamisha sikio.

"Kaa tayari," akaniambia. "Anaanza na golikipa, na harudii."