Ni ugonjwa, ni dawa, au ni yeye mwenyewe?

Mtoto mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuhisi unafuatwa, karudi kutoka wodini. Ana miaka 26, ana ndevu, huwezi kumpa amri kama wa darasa la tano. Wiki ya pili anaanza kuzunguka sebuleni. Anakaa, anainuka, hawezi kumaliza sahani ya wali akiwa ameketi. Mama anasema ugonjwa umerudi. Baba anasema huo ni utukutu. Mara nyingi wote wawili wamekosea: ni dawa.

Kutotulia huko kunaitwa akathisia. Huletwa sana na haloperidoli na ile sindano ya mwezi ya flufenazini, siku au wiki chache baada ya kuanza au kupandishiwa dozi. Kosa baya ni mzazi kuongeza kidonge ili "atulie", maana anazidisha kilekile kinachomtesa. Mrudishe kliniki na useme hivi: "Hawezi kukaa, anasema miguu inamsukuma." Daktari atapata mengi humo kuliko kwenye "amezidiwa". Hali hii ikipuuzwa, wagonjwa hutupa dawa, na wengine hufikia kutamani kufa.

Kuna jingine linalokuja mapema zaidi, mara nyingi ndani ya siku tano za kwanza, na huwapata hasa vijana wa kiume. Shingo inapinda, taya linakaza, ulimi unatoka, macho yanageukia juu na kubaki huko. Nyumba nzima inasema kapandisha mashetani. Ubani unatafutwa kabla ya bodaboda. Hiyo ni misuli iliyokazwa na dawa, na hospitali wana sindano ya kuilegeza. Koo likibana au pumzi ikipata shida, kila dakika ina thamani. Baadaye huenda akaandikiwa vidonge ambavyo watu huviita Artane. Vifungie, maana kuna wanaovitafuta kwa ajili ya kulewa.

Homa kali pamoja na mwili mgumu kama ubao, jasho na kuchanganyikiwa: usisubiri asubuhi. Beba pakiti za dawa zote, na dozi inayofuata isimezwe mpaka daktari amwone.

Sasa upande wa ugonjwa wenyewe. Sauti na hofu za kufuatwa zikishatulia, wengi hubaki wamepoa: haogi, haongei, uso hauonyeshi furaha wala hasira, analala hadi saa sita mchana. Hapa ndipo neno "mvivu" linapoharibu nyumba. Vidonge havisaidii sana kwenye hali hii, na pengine dozi kubwa inamzidishia usingizi, jambo la kuulizia. Kinachosaidia ni kazi moja ndogo, saa ileile kila siku. "Mwanangu, nijazie ndoo hii" inafanyika. "Fanya usafi" haifanyiki, kwa sababu ina kazi kumi ndani yake na hajui aanzie wapi.

Lawama zenyewe zina madhara yaliyopimwa. Watafiti wa London, Vaughn na Leff, mwaka 1976 walionyesha kwamba waliorudi kwenye nyumba za kukosolewa sana au kung'ang'aniwa kupita kiasi waliugua tena kwa wingi zaidi, hasa waliokuwa uso kwa uso na ndugu hao zaidi ya saa 35 kwa wiki. Kwa hiyo akienda kushinda dukani kwa mjomba wake siku tatu kwa wiki, hujamtupa. Mnapumzishana.

Kuacha dawa kunadanganya. Anaacha leo, kesho yu mzima, mwezi unapita bado mzima, na jirani anasema mliona, hakuwa na haja nayo. Ugonjwa huweza kurudi baada ya wiki nyingi, hata miezi, ndiyo maana watu hawauunganishi na kuacha dawa. Usimtilie dawa kwenye uji kwa siri. Akigundua atakataa dawa na chakula chako pia. Akichoka vidonge, mzungumzie sindano ya mwezi. Maombi au kisomo viendelee kama familia inaamini, ila pasiwe na wa kumwambia aache dawa.

Anaposema majirani wanamsema ukutani, usibishane wala usimkubalie. "Mimi sisikii, ila naona inakutisha. Jana usiku ulilala?" Usingizi ndio wa kufuatilia. Uwe na daftari dogo: saa alizolala, alichokula, dozi. Usiku mbili mfululizo bila kulala, piga simu kliniki kabla hajaanza kufunga madirisha.

Kwa kuwa ni mtu mzima, daktari anaweza asikueleze siri zake. Hakuna kinachomzuia kukusikiliza. Andika nusu ukurasa, mpe nesi kabla mtoto hajaitwa.

Siku ya vurugu, toa wadogo nje, ondoa panga na mchi, aongee mtu mmoja kwa sauti ya chini, na mlango usizibwe na mtu. Kumfunga kamba huzuia damu na kuumiza mishipa ya fahamu mikononi. Watu hufika hospitali mkono umeshalemaa. Na wiki za kwanza baada ya kutoka wodini ni za hatari ya kujiua: dawa za panya na za shamba zitoke nyumbani, vidonge vikae kwako. Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo.

Halafu kuna swali ambalo wazazi hulikwepa kwa sababu linawahusu wao: nani atashika daftari hilo ukiumwa wewe? Mchague ndugu mmoja sasa. Mwandikie majina ya dawa, dozi na tarehe ya sindano, na kliniki ijayo nendeni naye, ili nesi aizoee sura yake.