Umati wa Magogoni: kumbukumbu ya wiki ya sita

Wiki ya sita sasa napiga picha za umati hapa Dar es Salaam, na bado narudi sehemu zile zile tatu: kituo cha mwendokasi Kimara, pantoni ya Magogoni, na Mtaa wa Kongo kule Kariakoo. Nilianza kwa nia ya kuonyesha jiji linavyokimbia. Picha zenyewe zinanipeleka kwingine.

Jumatatu, Kimara, saa 12:40 asubuhi. Picha themanini, nimebakiza mbili. Katika moja shingo zote zimegeukia upande mmoja, kule basi linakotokea. Mwanafunzi, askari, dada mwenye mtoto mgongoni: hawajuani, lakini shingo ni moja. Pale pale kituoni sikuiona hali hiyo. Niliiona usiku, nyumbani, kwenye kompyuta.

Jumatano, Magogoni. Hii ndiyo siku ya wiki. Niliifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaweka ISO 100 (kamera isivute mwanga mwingi), f/16 (tundu la lenzi liwe dogo), na shata, yaani mlango wa mwanga, ibaki wazi nusu sekunde ili anayetembea afifie. Kwa kuwa jua lilishakuwa kali, nilivalisha lenzi kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 64, vinginevyo picha yote ingekuwa nyeupe.

Kabla geti halijafunguliwa watu wametulia, kila mtu anaonekana hadi vifungo vya shati. Mbele kabisa kuna mkono umeshika nondo ya geti, kidoleni pete, kucha zina saruji. Geti likafunguliwa, nikabonyeza tena. Mamia ya watu wakawa moshi. Waliobaki wazi ni mama wa vitumbua na karai lake, mpiga kiwi aliyeinamia kiatu, na mzee aliyekaa juu ya gunia la mkaa.

Nilikumbuka picha ya Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, ya mwaka 1838. Mtaa ulikuwa na pilika, lakini kwa kuwa kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kupata picha, magari ya farasi na wapita njia wote walipotea. Akabaki mtu mmoja amesimama, mguu juu, anang'arishiwa kiatu. Huyo anatajwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana pichani. Miaka mingi baadaye, ng'ambo ya Kigamboni, mpiga kiwi wangu naye kabaki.

Tunalisifu jiji kwa mbio zake, na mbio zenyewe zinategemea watu waliotulia mahali pamoja tangu alfajiri, ambao sisi wapita njia hatuwatazami usoni. Shata ya haraka inawachanganya na umati. Shata ya polepole inawatoa nje.

Ijumaa, Kariakoo. Mkokoteni wa viazi uligonga mguu wa stendi, kamera ikaanguka. Lenzi imepona, kile kioo cheusi kimepasuka. Nimeagiza kingine.

Jumamosi, Magogoni tena. Nimejiwekea sharti kwamba yeyote anayeonekana sura apewe nakala yake, na akikataa, picha inafutwa. Nikampelekea mama wa vitumbua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo?"

Alifuta mafuta mikononi kwa kanga, akaishika pembeni. Alijitazama kidogo tu. Kidole chake kikaenda kwenye moshi, nyuma ya karai, palipo na doa la njano ambalo mimi nilikuwa nimelichukulia kama ndoo ya mtu anayepita.

"Huyu ni mwanangu wa pili, alikuwa ananiletea maji. Mbona umemfuta?"

Sikuwa na la kumjibu. Jumatatu siendi Kimara. Narudi kwake na shata ya kawaida, nimpige kijana akiwa na ndoo yake ya njano, kisha picha zote mbili nizibandike ukutani pamoja.