Siku Moja Kwenye Kaunta za Mombasa

Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kutoka Likoni, huwa nimeshafungua masanduku yangu ya kadi za msamiati. Ninafuata utaratibu uliopendekezwa na Sebastian Leitner mnamo 1972: neno nililolikumbuka husogea sanduku la mbele na kungoja siku kadhaa, na nililolisahau hurudi la kwanza. Ndivyo nilivyojifunza kusoma Kiarabu, na sasa ni zamu ya Kigujarati.

Saa moja ni feri. Wengi hudhani mwenye biashara ya programu hukaa penye kiyoyozi akingoja fedha za wawekezaji. Mimi sina ofisi wala mwekezaji. Natengeneza programu ya hesabu za maduka, na kazi yangu hufanyika kwenye kaunta za watu. Saa za mwanzo huishia kwenye simu na nywila zilizosahauliwa.

Saa nne niko mtaa wa Biashara, kwa mzee auzaye leso kwa korija. Daftari lake lote limeandikwa kwa herufi za Kigujarati, hata majina ya leso, ambayo ni misemo ya Kiswahili, na mkewe anayetunza hesabu anataka risiti ziwe vivyo hivyo. Risiti ya kwanza ilijaa alama za kuuliza.

"Binti, mashine hii haijui kuandika?"

"Mzee, kompyuta inajua. Printa ndiyo haijui."

Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, ilibeba herufi hizo tangu toleo lake la kwanza, 1991, lakini printa ndogo za risiti huwekewa herufi chache tu ndani yake. Nikaamua risiti nzima ichorwe kwanza kama picha, kisha ndipo itumwe kwenye printa. Kila nilipokaribia kumaliza, mteja aliingia, mzee akaitwaa kaunta, nami nikasimama pembeni na kompyuta mkononi. Kisha stima ikapotea. Iliporudi, duka lilikuwa linafungwa kwa mapumziko ya mchana, nikangoja barazani njaa ikiniuma.

Alasiri karatasi ilitoka na maandishi mazuri machoni mwa asiyeyasoma. Mimi niliona kasoro papo hapo: irabu fupi ya i, ambayo hutamkwa baada ya konsonanti lakini huandikwa kabla yake, ilikuwa imekaa upande wa kulia. Mtu aliyetegemea kutafsiriwa angekabidhi kazi hiyo na kuondoka. Kwangu, kujifunza lugha ya mteja ni sehemu ya ufundi wenyewe, na ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote.

Jua lilikuwa limeshapoa mkewe alipoisoma risiti kwa sauti, jina la leso moja baada ya jingine, akakosoa tahajia mbili na kuitia risiti kwenye faili lake. Mzee alilipa nusu. Nusu iliyobaki itatoka daftari zima litakapoingia, na kesho saa tatu tunaanza ukurasa wa pili.