Mboji ya shimo kwa mikorosho na miembe yangu, Chamwino, Dodoma

Tarehe 3 Agosti

Nina mikorosho 22 ya kubebeshwa (yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mti mwingine), miembe 9 na mipapai michache kwenye udongo mwekundu wa kichanga, ambao hata baada ya mvua kubwa ukiufumbata hupukutika kiganjani. Mwaka jana nilirundika mboji juu ya ardhi, kama nilivyowaona wakulima wa Kilimanjaro wakifanya, na baada ya miezi mitatu nikakuta mabua yangali mabua, meupe na makavu, na mchwa wamekwisha kujenga ndani yake. Samadi ilikuwapo na majani yalikuwapo. Kilichokosekana ni maji, kwa sababu mvua yetu ya milimita 570 hivi kwa mwaka hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na upepo wa kiangazi hukausha lundo kabla halijaanza kuoza.

Safari hii nimechimba shimo lenye urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na kina cha mita 1, upande wa mashariki wa banda la mbuzi, ili kivuli cha banda kilifunike jua linapokuwa kali mchana.

Tarehe 10 Agosti

Kazi ya leo imechukua siku nzima. Mabua ya mtama na uwele tuliyakatakata jana kwa panga yafikie urefu wa kidole, kisha tukayaloweka usiku kucha katika pipa lenye uji wa samadi, kwa kuwa bua kavu likiingia shimoni bila kulowekwa hufyonza maji ya tabaka zima na kuwaita mchwa. Tumepanga tabaka kwa tabaka: madebe 45 ya mabua, madebe 25 ya samadi ya mbuzi, na madebe 5 ya mashudu ya alizeti yaliyoota ukungu, ambayo mwenye mashine ya kukamua hakuweza kuyauza kwa wafugaji. Mabua yana kaboni nyingi, samadi na mashudu yana nitrojeni, na vijidudu vya kuozesha hufanya kazi vizuri zaidi penye sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Sina kipimo cha maabara, hivyo nimekadiria kwa debe.

Maji yamekwenda ndoo 12, mengi yakiwa yale ya kuoshea nafaka na vyombo visivyo na sabuni. Jirani yangu, mzee mfugaji aliyenipa samadi bure, alichukua konzi moja akaikamua, akaona matone mawili matatu yakidondoka, akasema, “Hapo sawa, mwanangu. Hii ni kama pombe ya uwele. Ukiinyima maji haichachi.” Tumefunika kwa viroba vilivyochanwa, na juu yake nyasi.

Gharama yote ni shilingi 14,000: mashudu 6,000 na mkokoteni wa punda 8,000.

Tarehe 14 Agosti

Nilichomeka nondo hadi katikati ya shimo na kuiacha kwa dakika kumi. Ilipotoka ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuishika nikahesabu zaidi ya tatu. Nimefurahi mno, kwani joto la nyuzi 55 na zaidi huua mbegu nyingi za magugu, na samadi ya mbuzi huja imejaa mbegu.

Tarehe 2 Septemba

Leo nimepindua shimo kwa koleo na nikafanya kosa. Nilinyunyiza nusu debe la majivu ya jikoni juu ya samadi mbichi niliyoongeza, na muda mfupi baadaye ikapanda harufu kali iliyotuchoma pua na kututoa machozi. Harufu hiyo ni amonia, yaani nitrojeni ileile niliyoitafuta kwa mashudu na samadi, ikikimbilia hewani kwa sababu majivu yana asili ya magadi. Nimeliondoa tabaka hilo. Majivu yana potasiamu nyingi na hayafai kutupwa, ila nitayaweka peke yake kwenye mipapai, kidogo kidogo, na mikorosho sitaipa kabisa kwa kuwa hupenda udongo wenye uchachu kidogo.

Tarehe 20 Oktoba

Nimepindua kwa mara ya tatu na kuongeza ndoo 4 za maji. Nondo sasa hutoka vuguvugu tu.

Tarehe 8 Desemba

Mvua ya pili imenyesha jana usiku. Shimo limetoa madebe 35 ya mboji nyeusi, inayonukia kama ardhi iliyopata manyunyu, na ndani yake nimeona vipande vichache tu vya bua, ambavyo hukatika kwa kidole. Kila mkorosho umepata debe moja na miembe sita imepata mawili mawili, katika mfereji wenye kina kifupi chini ya ukingo wa matawi, mbali na shina, maana huko ndiko iliko mizizi inayonyonya. Mpapai mmoja nilikwisha kuuua mwaka jana kwa kuurundikia samadi mbichi shinani. Debe lililobaki nimeigawia mipapai iliyosalia, baada ya kuichanganya mboji na udongo.

Nimeona ni heri kuweka yote sasa kuliko kungoja Aprili, kwa kuwa nitrojeni ikichelewa mwembe huendelea kutoa majani wakati unapotakiwa kujiandaa kwa maua ya kiangazi.

Miembe mitatu ya mwisho wa mstari haikupewa kitu. Nimepima mashina ya yote tisa kwa uzi, sentimita 30 kutoka ardhini, na kila uzi nimeufunga fundo na kuutundika ukutani chini ya namba ya mti wake, hadi nitakapopima tena mwezi wa tano.