Miti mikubwa itakudanganya: vinasaba katika vipande vya msitu

Ukipima vinasaba vya miti mikubwa kwenye kipande cha msitu kilichobaki katikati ya mashamba, mara nyingi majibu huja mazuri mno: utofauti wa vinasaba unaonekana bado mwingi. Usifurahi bado. Miti hiyo ilichipua kabla msitu haujafyekwa, na wazazi wake walipeana chavua na miti ambayo leo haipo. Hasara huonekana kwenye miche, kwa hiyo sampuli za miti mizima na za miche zikusanywe na zichambuliwe kando.

Kila kizazi, uheterozaigoti (kiasi ambacho nakala mbili za jeni ndani ya mti mmoja hutofautiana) hupungua kwa sehemu 1 ya 2N, N ikiwa ni idadi ya miti inayochangia uzazi kwa kweli. Miti 50 hupoteza asilimia 1, miti 10 asilimia 5. Shida ni kwamba N haihesabiki kwa macho. Huko Costa Rica, utafiti wa mti Symphonia globulifera uliochapishwa 1998 ulikuta miche mingi ndani ya vipande vya msitu ni watoto wa miti michache iliyoachwa malishoni. Msitu umejaa miche, wazazi wa kuhesabika.

Wala umbali peke yake si hukumu. Nyigu wa mikuyu nchini Namibia wamebeba chavua zaidi ya kilomita 100. Mjue mchavushaji kwanza, ndipo useme kipande fulani kimetengwa.

Sampuli: miti mizima 30 na miche 30 kwa kila kipande, ikiwa haifiki, chukua yote. Kata jani changa lenye afya, kipande cha sentimita 2 hadi 3, ukitie kwenye kifuko cha karatasi ndani ya silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) yenye uzito usiopungua mara 10 ya jani. Baada ya saa 24 jani livunjike kwa mlio. Likipinda tu, badilisha silika upesi, kwani jani linalokauka polepole huharibu DNA yake lenyewe. Matawi yakiwa juu sana, toboa gome uchukue kipande cha kambiamu, tabaka hai jembamba lililo kati ya gome na mbao. Miche isitoke chini ya mti mmoja, utapima ndugu. Na kila mti upigwe kibati cha namba: chini ya majani mazito GPS hukosea kwa mita kadhaa.

Kwa mbegu za kupanda, tafuta miti mama 30 au zaidi, iachane angalau mita 100, na kila mmoja utoe kiasi sawa. Miti 30 isiyo ndugu ina nakala 60 za kila jeni, mbili kwa kila mti, zinazotosha kunasa aleli (umbo mojawapo la jeni) yenye marudio ya asilimia 5 kwa uwezekano wa takriban asilimia 95. Gunia zima la mti mmoja halifikii hapo.

Kishawishi kikubwa ni ule mti uliosimama peke yake shambani: matawi ya chini, matunda tele, hakuna haja ya kupanda juu. Huo ndio wa kuogopa. Spishi nyingi za tropiki hukataa chavua yake yenyewe, lakini zisizokataa hujichavusha: mbegu tupu huongezeka, uotaji hushuka, miche mingine hutoka myeupe na kufa. Ile dhaifu kidogo tu hupona kitaluni kwa maji na kivuli, ikapandwa, na udhaifu ukajitokeza miaka mingi baadaye.

Lebo ya mti mama ifuate miche hadi siku ya kupanda. Bila lebo, watu wa kitalu huchagua miche mirefu, na mirefu mara nyingi ni ya mama wawili watatu tu.