Mama, hii DNA siyo ya kumtafuta baba

Jumapili moja mwezi wa saba, ile baridi ya Mbeya yenyewe, dada kanirushia picha WhatsApp bila salamu bila neno. Nafungua nakuta karatasi ya maabara, mstari mmoja umezungushiwa peni nyekundu: kingamwili (zile protini za mwili za kupambana na wavamizi) dhidi ya DNA, chanya. Sijamaliza kusoma simu inaita, mama huyo yuko Tukuyu, kumbe dada kashamtumia na yeye. "We mwalimu, hivi kwanini wanampima dada yako DNA? Nani kawaambia hatumjui baba yake? Baba yake namjua mimi, amelala hapo nyuma kwenye migomba."

Nilicheka mpaka machozi afu nikaona aibu, maana mama hakuwa anatania hata kidogo. Na kwetu si ndo hivyo, ukisikia DNA ujue kuna mtoto kakataliwa, kuna mwanaume kaenda kulalamika ustawi wa jamii, sampuli zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu. DNA kazi yake ni kujibu swali moja tu, huyu ni wa nani. Mi mwenyewe nafundisha bayolojia miaka tisa sasa na siku ile sikuwa na jibu zuri la kumpa mama, nikasema nitakupigia. Nimempigia baada ya wiki mbili za kusoma usiku, na hii post ni yale niliyomwambia pamoja na yale niliyoona nikimwambia atakata simu.

Kwanza niwape historia ya dada kidogo. Ana biashara ya vitenge Mwanjelwa, meza yake iko upande unaopigwa na jua kuanzia saa nne mpaka jioni. Miaka miwili alikuwa anaumwa umwaumwa, homa zinakuja zinaondoka, asubuhi vidole vimekaza hawezi hata kufunga kifungo, nywele zinatoka kwenye kitana, uchovu wa kuanguka. Kituo alichokuwa anaenda (sitakitaja) walimpa dawa ya malaria sijui mara sita, wakamaliza malaria wakahamia taifodi, wakamaliza taifodi ikaja UTI. Afu usoni akatokwa na wekundu, shavu mpaka shavu kupitia juu ya pua, kama kipepeo kakaa. Sokoni wakasema amejichubua. Kanisani wakasema amechezewa. Aliyesema lupasi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, ni daktari mmoja kijana alimwangalia uso tu akamuuliza, mama, ukikaa juani inazidi? Inazidi.

Sasa tuje kwenye DNA.

Kila seli yako yenye kiini imebeba DNA ambayo ukiinyoosha inafika kama mita 2, imekunjwa na kubanwa mle ndani ya kiini hata kwa darubini ya shule huioni. Nje ya kiini kuna ule ujiuji ambao wanafunzi wangu wanauita saitoplazimu, na pale DNA haitakiwi kuwepo (ukiacha ile kidogo ya mitokondria ambayo nayo imefungiwa ndani ya nyumba yake). Baadhi ya virusi vikiingia vinamwaga DNA yao humo humo. Sasa shida ni kwamba herufi ni zile zile nne, DNA ya kirusi, ya ng'ombe, ya kwako, ya mkuu wa mkoa, zote zimeandikwa kwa A, T, G na C. Seli haina Mkemia Mkuu wa kumpelekea sampuli. Kwa hiyo inatumia sheria nyingine kabisa, haiulizi hii ni ya nani, inauliza iko wapi.

Hapa ndo nilimpata mama. Nikamwambia, mama, mbuzi wako akiwa bandani ni mali, akiwa kwenye maharage ni nini? Akajibu bila kufikiria, ni mwizi. Hata kama ni wako? Hata kama ni wangu, natupa jiwe kwanza.

Anayetupa jiwe anaitwa cGAS. Ni enzaimu inayozurura ndani ya seli, ikigusana na DNA ya nyuzi mbili inaikumbatia, na ikishaikumbatia inatengeneza kimolekuli kidogo kinaitwa cGAMP. Hicho kinakimbia kugonga protini nyingine inaitwa STING, jina ambalo kwa Kiingereza ni kuuma kwa nyuki, na kweli likiamka unaumwa. STING inaamsha protini nyingine, TBK1, nayo TBK1 inaamsha ya tatu, IRF3, na IRF3 inaingia kwenye kiini inawasha jeni za intaferoni, na intaferoni inatoka nje ya seli kuwaambia majirani funga milango. Ni mbiu ya mgambo kabisa, ikilia kuna jambo. cGAMP yenyewe pia inaweza kupenya kwenda seli ya jirani, yaani hata kabla mbiu haijapigwa jirani kashanong'onezwa.

Intaferoni yenyewe ni ya zamani, Isaacs na Lindenmann waliigundua London mwaka 1957, wakaona seli zilizokutana na kirusi kimoja zinakuwa ngumu kushambuliwa na kingine. Lakini nani anapiga kengele DNA ikiwa ndo mgeni, hapo giza lilikaa miaka mingi. STING ilitajwa 2008 na Ishikawa na Barber kule Marekani, na cGAS ikaja kupatikana Dallas kwenye maabara ya Zhijian Chen, ripoti zikatoka mwishoni mwa 2012 kuingia 2013. Chen kapewa tuzo ya Lasker 2024. Fikiria, mi nimesoma form six afu chuo afu nikaanza kufundisha kinga ya mwili, na nusu ya nilichokuwa nafundisha kilikuwa kinaandikwa upya nikiwa nimeshika chaki. Na kitu kilichonifurahisha zaidi ya vyote, bakteria wanao ndugu wa cGAS, wanamtumia kupambana na virusi vinavyowashambulia wao. Yaani huyu mlinzi ni mzee kuliko wanyama.

Swali la mwanafunzi mmoja wa form five, binti wa Ileje, mkali kweli: sasa mwalimu mbona haipigi kelele kwa DNA yetu wenyewe? Majibu yapo zaidi ya moja. Moja ni ukuta wa kiini. La pili kuna mfagizi anaitwa TREX1, kazi yake kula vipande vya DNA vilivyodondoka nje. La tatu lilieleweka mwaka 2020, kwamba cGAS hata ndani ya kiini ipo, tena nyingi, ila mle DNA imezungushwa kwenye vigurudumu vya protini na cGAS inang'ang'ania vile vigurudumu kwa namna ambayo haiwezi kufanya kazi. Mbwa kafungwa mnyororo, tena ndani ya banda la mbuzi wenyewe.

Mfagizi akikosekana inakuwaje? Kuna watoto wanazaliwa na ugonjwa unaoitwa Aicardi-Goutières, ulielezwa Ufaransa 1984. Ubongo umeharibika, kila dalili ya mtoto aliyeambukizwa kirusi tumboni mwa mama, lakini kirusi ukikitafuta hakuna. Mwaka 2006 Yanick Crow na wenzake wakaonyesha baadhi yao TREX1 ndo mbovu. Na 2014 wakaelezwa watoto wengine ambao STING yenyewe imekwama kwenye "washa", ngozi ya vidole na masikio inakufa na mapafu yanaharibika. Hawakuvamiwa na mtu, mbiu tu haizimiki.

Lupasi ya dada haiko rahisi hivyo, na nisingependa mtu atoke hapa akisema lupasi ni cGAS, hapana, ina milango mingi. Seli zinakufa, taka haziondolewi vizuri, DNA inabaki inaelea, mwili unaitengenezea kingamwili (ule mstari wa peni nyekundu), na kingamwili zikishaibeba zinaiingiza ndani ya seli nyingine ambako kuna walinzi wengine wa zamani, TLR9 wa DNA na TLR7 wa RNA, nao wanaitisha intaferoni. Jua linaongezea, maana mionzi yake inavunja DNA na kuua seli za ngozi. Hili la jua watu wa nyanda za juu mnilipe kwa kuwaambia: baridi ya Mbeya inadanganya. Unavaa sweta unasema leo hakuna jua, kumbe uko juu mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari na ukipanda juu ndo mionzi inazidi. Dada kahamisha meza, anavaa kofia pana na mikono mirefu, wateja wanamwita sista.

Kilichonikaa kichwani ni hiki. Intaferoni iliwahi kutumika kama dawa, homa ya ini aina ya C walikuwa wanachomwa sindano zake, na wagonjwa walikuwa wanapata homa, viungo kuuma, uchovu wa kutisha, wengine wachache wakapata hata lupasi kabisa. Yaani yale mateso unayoyaita mafua makali, sehemu kubwa siyo kirusi kinakuuma, ni mbiu yako mwenyewe. Kwa hiyo yule aliyemwandikia dada malaria mara ya kwanza simlaumu, mwili ulikuwa unalia sauti ile ile ya mwili ulioingiliwa na mdudu. Mara ya kwanza. Mara ya sita, kipimo kinasoma hakuna wadudu na bado unaandika dawa, hapo tutagombana.

Dawa aliyopewa ikaleta kesi nyingine nyumbani, haidroksiklorokwini. Mama kasikia nusu ya jina tu akaruka, si ndo ile klorokwini ya kuwasha? Wale wa umri wangu mnakumbuka, umemeza usiku afu unajikuna mpaka asubuhi kama umelala na upupu, serikali ikaiacha kwa malaria 2001. Huyu ni ndugu yake wa karibu, na kwenye lupasi anafanya kazi nyingine, anavuruga vile vyumba ambamo TLR7 na TLR9 wanasikilizia, kelele zinashuka. Anatakiwa apimwe macho kila baada ya muda maana ikikaa miaka mingi inaweza kugusa retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), hilo wenye lupasi msilisahau. Kuna dawa mpya, anifrolumabu, Marekani iliruhusiwa 2021, yenyewe inaziba mlango wa kupokelea intaferoni. Bei yake hata sijamwambia dada.

Afu kuna mama mdogo, na hapa hadithi inageuka kichwa chini. Saratani ya mlango wa kizazi, basi la usiku kutoka Mbeya, kilomita zaidi ya 800 mpaka Dar, mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road wiki kwa wiki. Kirusi cha HPV kinachosababisha ile saratani ni kirusi cha DNA, ilitakiwa mbiu ilie. Ila kina protini inaitwa E7, na mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba E7 ya HPV aina ya 18 inaishika STING na kuinyamazisha. Mwizi kaja na nyama ya kumtupia mbwa. (Mabinti zangu wa form one wakiniuliza sindano ya HPV ni ya nini nawaambia hivyo hivyo. Ilianza nchi nzima 2018 kwa wa miaka 14, sasa ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 mpaka 14, na wale wazazi wanaosema inaua uzazi waje ofisini kwangu tuongee taratibu.)

Hata saratani isiyo na kirusi ina kesi na mbiu. Seli ya saratani inagawanyika hovyo, kromosomu zinabaki nyuma zinajifungia kwenye kiini kidogo cha pembeni, ukuta wake mwembamba unapasuka, cGAS inaingia. Hilo lilionyeshwa 2017, na mionzi inafanya hivyo hivyo, inavunja DNA, viini vidogo vinatokea, kengele inalia, na kengele ndo inayoita seli T, askari wa kinga, zije kuua. Kwa hiyo saratani nyingi zinajifunza kuzima cGAS au STING zenyewe. Nyingine, hizi ndo zinanitisha, zinaiacha ilie mfululizo kwa sauti ya chini na kuitumia kuhamia viungo vingine, 2018 ndo likasemwa hilo.

Ungedhani basi, tafuta dawa ya kuamsha STING yamekwisha. Kulikuwa na dawa inaitwa DMXAA, ilitoka New Zealand, panya walikuwa wanapona uvimbe unayeyuka, wakaenda kwa binadamu wenye saratani ya mapafu, majaribio makubwa, mwaka 2010 yakasimamishwa, haikusaidia. 2013 ndo wakajua sababu: ile dawa inaikamata STING ya panya, ya binadamu haiigusi. Miaka yote ile, wagonjwa wote wale, ufunguo wa nyumba nyingine. Zilizokuja baadaye zinagusa ya binadamu, zinachomwa ndani ya uvimbe, na mpaka sasa matokeo siyo ya kushangilia. Ukiziongeza sana unajua mtu ataishia wapi, atakuwa kama dada.

Mama mdogo yupo, anatimiza mwaka wa tatu, kapanda viazi. Wawili hao wakikaa pamoja jikoni kwa mama huwa nawaangalia tu, mmoja mbiu yake haizimiki, mwingine yake ilizimwa, wote wanamenya ndizi za Krismasi.

Mama sasa hivi kila saa tatu usiku anampigia dada, hamsalimii, anauliza, "umemfunga mbuzi?" maana yake umemeza vidonge. Nimemweleza kwamba dawa haimfungi mbuzi, inamziba masikio anayepiga kelele. Kaniambia nikafundishe shule.