Upepo Ulipotufungia Njia ya Kurudi Zermatt

Mpaka wa Uswisi na Italia niliuvuka nikiwa juu ya skii, zile mbao nyembamba za kutelezea thelujini, bila kuulizwa pasipoti na mtu yeyote. Ilikuwa kwenye barafu ya Theodul, chini ya kituo cha Klein Matterhorn kilichoko mita 3,883 juu ya usawa wa bahari. Pale juu kifua kinabana hata kabla hujafunga buti, na theluji haiishi. Watu huteleza mwaka mzima.

Upande wa Italia ulinifurahisha mno. Njia ya kuteleza ya Ventina inashuka zaidi ya mita 1,400 mpaka kijiji cha Breuil-Cervinia, pana, mashine zimeisawazisha usiku kucha, na kona zake hazikushtui. Kahawa nayo ni ya bei ya kibinadamu, tofauti na Zermatt, kijiji cha upande wa Uswisi nilikofikia, ambako sahani ya supu hukufanya uhesabu faranga zako mara mbili.

Kurudi Zermatt ni kwa lifti za kamba zinazopandisha watu mlimani, na saa nane mchana ubao wake ulikuwa na taa za kijani. Nilipomaliza kula, zote zilikuwa nyekundu. Chini kijijini hewa ilikuwa shwari kabisa, ila juu theluji ilikuwa ikipeperuka kutoka kwenye kilele cha Matterhorn kama moshi. Mhudumu aliyekuwa akifagia viti vya lifti alituona tukija, akakunja mikono kifuani ikapishana. Upepo umezidi, hakuna kupanda.

Tulisimama pale kundi zima, skii mabegani. Zermatt ilikuwa nyuma ya mlima tu, lakini kwa barabara unazunguka Alps nusu nzima: unashuka hadi bonde la Aosta, unapita handaki la Great St Bernard lililofunguliwa mwaka 1964, unaibukia upande wa Uswisi na kushuka hadi mji wa Martigny, kisha unafuata bonde la mto Rhône na kupanda tena. Tulichangishana teksi watu wanne, mmoja wao bibi wa Kiswisi aliyekuwa ametulia tuli. Dereva alitaja mamia ya euro bila kupepesa macho. Niliumia. Nauli yangu peke yangu ilizidi tiketi ya lifti ya siku nzima, na tiketi ya kuvuka mpaka ndiyo ghali kuliko ya Zermatt pekee.

Kwenye handaki afisa aliomba pasipoti. Yangu ilikuwa mfuko wa ndani wa koti, maana mwenye viza haiachi hotelini. Aliigeuza ukurasa kwa ukurasa huku miguu yangu ikiwaka moto ndani ya buti ngumu za plastiki. Viatu vya kawaida vilikuwa hotelini.

Täsch, kijiji cha mwisho kabla ya Zermatt, tulifika saa tatu usiku. Teksi haiendi mbele ya hapo, Zermatt haipokei magari ya petroli, hivyo tukamalizia kwa treni, tukipanda ngazi za stesheni kwa kishindo cha buti.

Kesho yake upepo ulitulia na lifti zikafunguliwa. Nilivuka tena kwenda Italia, kwa sababu Ventina inastahili. Ila saa sita mchana nilikuwa nimesharudi juu.